Kuwashwa na kuungua ukeni wakati wa ujauzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mjamzito akifika kliniki humweleza muuguzi habari za mgongo, kiungulia na miguu kuvimba. La huko chini mara nyingi huondoka nalo, kisha hupita duka la dawa na kuomba "dawa ya fangasi". Huenda ikawa ndiyo dawa yake, huenda isiwe. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayoulizwa kwa sauti ya chini, na yamejibiwa bila kuzungukazunguka. Hakuna jibu hata moja linalochukua nafasi ya kupimwa.

Tuanze na la haraka. Dalili zipi sitakiwi kungoja nazo hadi siku ya kliniki?

Damu kutoka ukeni, mimba iwe ya umri wowote. Maji yanayotoka yenyewe bila wewe kuyazuia. Tumbo au kiuno kinachobana na kuachia kwa mpangilio kabla hujatimiza wiki 37. Homa na kutetemeka, hasa kukiwa na maumivu ya ubavuni. Mtoto kupunguza kucheza kuliko ulivyomzoea. Ukiona lolote kati ya haya, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Malengelenge au kidonda sehemu za siri nacho kionwe mapema, hata kama hakiumi. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, na ndiyo maana wengi hukipuuza.

Tangu nishike mimba chupi inalowa kila siku. Ni ugonjwa?

Mara nyingi si ugonjwa. Homoni ya estrojeni hupanda sana wakati wa ujauzito, damu inayopita kwenye nyonga huongezeka, na uke pamoja na mlango wa kizazi hutoa majimaji mengi zaidi kuliko zamani. Majimaji ya kawaida huwa meupe kama maziwa au hayana rangi, hayana harufu mbaya na hayawashi. Yakikauka kwenye chupi huacha doa la manjano hafifu, na doa hilo limewatisha wengi bure.

Huongezeka kadiri mimba inavyokua. Wiki za mwisho unaweza kuona ute mzito unaovutika, wenye michirizi kidogo ya damu. Huo ni ute uliokuwa umeziba mlango wa kizazi. Ukitoka baada ya wiki 37, mwili unajiandaa kwa uchungu, ingawa uchungu wenyewe unaweza kuchukua siku kadhaa kuanza. Ukitoka kabla ya hapo, wajulishe wanaokuhudumia mara moja.

Nitajuaje kama ni fangasi?

Dalili kuu ya fangasi ni muwasho mkali, unaozidi usiku na ukipata joto. Uchafu wake ni mweupe, mzito, wenye mabonge kama maziwa mgando, na kwa kawaida hauna harufu. Mashavu ya uke huwa mekundu na kuvimba, wakati mwingine huchanika vijimstari vidogo, na mkojo ukigusa hapo unachoma. Tendo la ndoa nalo huuma.

Fangasi anayehusika mara nyingi ni Candida albicans, na wanawake wengi wanaishi naye bila shida yoyote. Mimba humpa nafasi. Estrojeni huongeza glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye kuta za uke, na chakula hicho anakipenda. Ukiongezea antibayotiki ulizomeza karibuni, ambazo huua pia bakteria walinzi wa uke, au sukari iliyopanda kwenye damu, ataongezeka haraka.

Lakini kuwashwa peke yake hakutoshi kusema ni fangasi. Sabuni inawasha, trikomonasi (ugonjwa wa zinaa) inawasha, nywele zinazoota baada ya kunyoa zinawasha, na magonjwa ya ngozi yanawasha. Wanawake wengi wanaojipima wenyewe kwa dalili hukutwa na kitu kingine wakipimwa maabara. Kwa asiye na mimba, kosa hilo humpotezea pesa na wiki moja. Mjamzito anaweza kuwa anaacha bila tiba ugonjwa unaohusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Dada yangu alipewa kidonge kimoja tu cha kumeza akapona. Kwa nini mimi nisikimeze?

Kidonge hicho mara nyingi ni flukonazoli, na mjamzito hapaswi kukimeza kwa kujiamulia. Dozi kubwa, miligramu 400 hadi 800 kwa siku, zikitumika kwa muda mrefu katika miezi mitatu ya kwanza zimehusishwa na kasoro za kuzaliwa. Kuhusu dozi ndogo ya kidonge kimoja, utafiti wa Denmark uliochapishwa 2016 uliihusisha na kuharibika kwa mimba. Kwa kuwa ipo dawa nyingine inayofanya kazi vizuri, hakuna sababu ya kubahatisha.

Hiyo dawa nyingine ni ya kuweka ukeni: klotrimazoli au mikonazoli, kwa siku 7. Asiye mjamzito anaweza kupewa ya siku moja au tatu, lakini katika ujauzito dozi fupi hazitoshi mara nyingi.

Kama ulimeza kidonge kimoja cha miligramu 150 kabla hujajua una mimba, usikeshe na hofu. Mwambie daktari, aandike kwenye kumbukumbu zako. Wengi waliopitia hapo wamezaa watoto wazima.

Naogopa kuweka dawa huko ndani. Haitamgusa mtoto?

Haitamgusa. Mlango wa kizazi umefungwa, na kiasi kidogo sana cha dawa hizi huingia kwenye damu.

Iweke unapokwenda kulala, si asubuhi, kwa sababu ukisimama na kutembea dawa inateremka na kutoka kabla haijafanya kazi. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni. Lala chali, kunja magoti na uyatanue. Shika kidonge, sukuma taratibu kwa kidole, ukielekea mgongoni zaidi kuliko juu, mpaka kidole kifike pasipo na maumivu. Basi, hapo panatosha. Baadhi ya vifungashio huja na bomba dogo la plastiki la kusukumia. Wataalamu wengi humshauri mjamzito aliache na kutumia kidole, maana kidole kinahisi kinapogota, bomba halihisi. Nawa tena, vaa pedi nyembamba, lala.

Asubuhi utaona mabaki meupe kwenye pedi. Si fangasi anayetoka, ni dawa iliyoyeyuka. Muwasho huanza kupungua siku ya pili au ya tatu, na hapo ndipo wengi huacha. Maliza siku zote 7. Na kama mnatumia kondomu za mpira, jueni kwamba dawa hizi zinaweza kuudhoofisha.

Mimi siwashwi sana, ila kuna shombo la samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Nioge zaidi?

Hapana, na kujisafisha zaidi kwa ndani ndiko kunakolizidisha tatizo hilo.

Ndani ya uke wenye afya kuna bakteria walinzi wanaoitwa laktobasili. Hutengeneza tindikali inayouweka uke kwenye pH ya takriban 3.8 hadi 4.5, na wadudu wengi hawastawi hapo. Walinzi wakipungua, bakteria wengine waliokuwa wachache huongezeka, tindikali hushuka, na uchafu mwepesi wa kijivu huanza kutoka. Harufu huzidi baada ya tendo la ndoa kwa sababu shahawa si tindikali, na zikikutana na uchafu huo huachilia gesi zenye shombo. Hali hii huitwa vajinosisi ya bakteria. Si dalili ya uchafu wala ushahidi kwamba mtu katoka nje ya ndoa.

Katika ujauzito imehusishwa na uchungu wa mapema na chupa kupasuka kabla ya wakati, kwa hiyo ukiwa na dalili, pimwa na utibiwe. Metronidazoli hutumika sana kwa wajawazito, kwa kawaida vidonge vya siku 7. Huacha ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu, ambacho kwa mwenye mimba changa ni mzigo juu ya mzigo. Kumeza pamoja na chakula husaidia.

Na uchafu wa kijani au manjano, wenye povu?

Hapo tunawaza trikomonasi, kisonono au klamidia, magonjwa yanayoambukizwa kwa ngono. Trikomonasi huleta povu, harufu na muwasho. Klamidia mara nyingi haina dalili yoyote, na hapo ndipo inapowahadaa watu. Kisonono na klamidia visipotibiwa vinaweza kumwambukiza mtoto macho wakati wa kuzaliwa, na kisonono kinaweza kumpofusha.

Zote zina tiba salama kwa mjamzito, lakini si kila antibayotiki inayotumika kwa wengine inamfaa. Doksisaiklini, kwa mfano, huepukwa. Kwa hiyo usigawane vidonge na mume aliyetibiwa kwingine, hata kama mna ugonjwa mmoja.

Mume atibiwe pia, na msikutane mpaka muda mliopangiwa upite. Kumtibu mmoja ni kazi bure. Najua mazungumzo haya si mepesi nyumbani, na wapo wanaoogopa kuyaanza kabisa. Mwombe muuguzi akusaidie: vituo vingi vina utaratibu wa kumwita mwenza na kuongea naye bila kumtuhumu mtu. Kama unahofia usalama wako, mwambie hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Nikikojoa nachomeka. Ni fangasi au UTI?

Sikiliza panapochoma. Kama maumivu huja mkojo unapogusa ngozi ya nje, na ngozi yenyewe ni nyekundu au imechubuka, huenda tatizo liko ukeni. Kama unachoma ndani, kwenye njia yenyewe, unakwenda chooni kila mara na kutoa matone, na maumivu yako juu ya kinena, huenda ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo cha mkojo huamua. Kukojoa mara kwa mara peke yake si ushahidi, maana tumbo linalokua hubana kibofu.

UTI kwa mjamzito haiachwi ijitibu yenyewe. Mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni hulegea kwa homoni na kubanwa na mfuko wa uzazi, hivyo bakteria hupanda hadi kwenye figo kwa urahisi. Ndiyo maana mkojo hupimwa kliniki hata kwa asiye na dalili, na akikutwa na bakteria hupewa dawa. Ukitoa mkojo wa kupima, jisafishe kwanza kwa nje, acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Majimaji ya ukeni yakichanganyika na mkojo majibu hupotosha, na wengi wamemeza dawa za UTI ambayo hawakuwa nayo.

Maji ya chumvi, siki, kitunguu saumu, mtindi, mvuke. Kipi kinasaidia?

Ndani ya uke, hakuna. Hapa sina lugha ya kupamba.

Kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi laini, na ngozi yenyewe tayari imechubuka kwa kukunwa. Siki ni tindikali, ndiyo, lakini kuimimina huku ukisafisha kwa ndani huwaondoa laktobasili uliotaka kuwasaidia. Mvuke unaweza kukuunguza, na kuongeza joto na unyevu pale ambapo fangasi anapenda ni kumpa alichokuwa anakitafuta. Mtindi kula, una faida zake mwilini, ila hakuna ushahidi wa kutosha wa kuuweka ukeni badala ya dawa. Vidonge vya asidi ya boriki, ambavyo baadhi ya wanawake hutumia wasipokuwa na mimba, mjamzito aviepuke.

Kusafisha kwa kuingiza vidole, maji au dawa yoyote ya kuua wadudu ni hivyohivyo. Uke hujisafisha wenyewe kwa yale majimaji unayoyalalamikia.

Unaloweza kufanya nyumbani kutuliza muwasho ni dogo lakini lina maana: kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, ukiweka juu ya mashavu ya uke kwa dakika chache, kisha ukipangusa bila kusugua. Chupi ya pamba usiku, au usivae kabisa. Kucha fupi, kwa sababu kujikuna usingizini ndiko kunakoleta michubuko.

Nitumie sabuni gani?

Maji matupu yanatosha kwa nje. Ukitaka sabuni, iwe isiyo na manukato, kidogo, na iishie nje. Manukato ya pedi, karatasi za chooni zenye harufu na sabuni ya kufulia isiyosuuzwa vizuri kwenye chupi ni wawashaji wanaosahaulika. Ukibadilisha sabuni wiki iliyopita na muwasho umeanza wiki hii, anzia hapo.

Maji yanatoka na siwezi kujua kama ni mkojo, uchafu au chupa imepasuka.

Swali hili huwachanganya hata waliozaa mara nne. Nenda chooni, kojoa mpaka kibofu kiishe. Jifute, vaa pedi safi kavu, nyeupe, isiyo na harufu. Tembea nyumbani, keti, inuka, kohoa. Baada ya nusu saa hivi iangalie kwenye mwanga. Mkojo una harufu yake na rangi ya manjano, na kwa kawaida hutoka ukikohoa au kucheka kisha ukaacha. Uchafu wa kawaida huacha doa dogo, zito. Maji ya uzazi ni mepesi, hayana rangi au yana wekundu kidogo, hayana harufu ya mkojo, na huendelea kuja hata ukikaa kimya.

Pedi ikilowa hivyo, au ukibaki na shaka, nenda hospitali nayo, ndani ya mfuko safi. Usiweke kitu ukeni, usikutane na mume. Maji ya kijani au kahawia yanaweza kuwa na choo cha mtoto; hapo usisubiri hata hiyo nusu saa.

Fangasi inarudi kila baada ya wiki chache. Kwa nini?

Kwanza hakikisha ni fangasi kweli, kwa kipimo cha majimaji na si kwa kukisia. Pili, pimeni sukari. Kisukari cha mimba kwa kawaida hutafutwa kati ya wiki ya 24 na 28, lakini fangasi sugu ni sababu nzuri ya kuuliza kama upimwe mapema. Kinga iliyoshuka kwa sababu ya VVU nayo huleta hali hii, na kipimo chake ni sehemu ya huduma ya ujauzito.

Kisha tazama krimu unayopaka. Nyingi zinazouzwa kwa "kila aina ya muwasho" zimechanganywa na steroidi. Muwasho hutulia siku mbili, unazisifu, kisha fangasi anarudi na ngozi inazidi kuwa nyembamba. Soma boksi, au mwonyeshe mfamasia.

Hakuna muwasho, ila nahisi uzito na uvimbe huko chini, jioni ndiyo balaa.

Inaweza kuwa mishipa ya damu iliyovimba kwenye mashavu ya uke, kwa sababu ya damu nyingi na uzito wa mfuko wa uzazi. Lala ubavu, inua miguu, usisimame muda mrefu, na weka kitambaa baridi. Nyingi hunywea baada ya kujifungua. Uvimbe wa upande mmoja wenye maumivu makali na joto ni jambo lingine, huenda ni jipu, na daktari auone. Kichomi cha ghafla kinachopita kama sindano ukigeuka au mtoto akisukuma kichwa ni kawaida ya miezi ya mwisho.

Muwasho wangu hauko ukeni tu. Viganja na nyayo zinawasha usiku, na hakuna vipele.

Omba kipimo cha damu cha ini na asidi za nyongo. Kuna ugonjwa wa ini wa ujauzito unaoanza hivyohivyo, mara nyingi miezi mitatu ya mwisho, na unaweza kumdhuru mtoto. Usiutibu kwa losheni.

Uchungu ukinikuta bado nina fangasi, nitafanyiwa upasuaji?

Hapana, fangasi haizuii kuzaa kwa njia ya kawaida. Mtoto anaweza kupata utando mweupe mdomoni, nao unatibika. Malengelenge ya sehemu za siri ndiyo yanayoweza kubadilisha mpango wa kujifungua, hasa yakitokea kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho, kwa hiyo yataje mapema, hata kama uliwahi kuyapata miaka ya nyuma.

Naona aibu. Huko kliniki watanifanya nini hasa?

Watakuuliza: rangi gani, harufu gani, tangu lini, umetumia nini. Jibu kwa maneno yako mwenyewe, wameshayasikia yote. Kisha utapanda kitandani, magoti yamekunjwa, umefunikwa shuka. Ataangalia kwanza nje. Huenda akaingiza kifaa kinachotanua uke ili aone mlango wa kizazi, na akachukua majimaji kwa kijiti chenye pamba; hubana kidogo, hakipaswi kuuma sana, na ukisema "subiri" anatakiwa asubiri. Majimaji hayo hupimwa pH kwa karatasi maalumu na kuangaliwa kwa hadubini. Una haki ya kuomba muuguzi wa kike au mtu wa kukaa nawe chumbani.

Kabla ya kwenda oga kwa nje tu. Usisafishe ndani wala usiweke krimu siku hiyo, maana utafuta kile wanachokwenda kukitafuta. Na dawa uliyokwisha kuanza, beba boksi lake.